Matema, Rukwa au Pwani: Wapi Uwapeleke Wanafunzi Kusoma Alama za Maji kwenye Mwamba?

Walimu wa jiografia wa huku Nyanda za Juu Kusini tuna tatizo moja la kudumu. Matetemeko ya ardhi tunayafundisha, fukwe zilizoinuka tunazifundisha, lakini picha zote ni za ng'ambo. Mwanafunzi wa Tukuyu au Mafinga anakariri kwamba tetemeko linaweza kuipandisha pwani mita tatu kwa dakika moja, anaandika kwenye mtihani, anapata maksi, na hajawahi kusimama mbele ya mwamba wenye alama ya maji akajiuliza imefikaje pale juu. Ndipo inapokuja hoja ya safari ya mafunzo, na ubishi wa wapi twende: Matema kwenye Ziwa Nyasa, Ziwa Rukwa, au tukaze mkanda tuwafikishe watoto baharini?

Nitazilinganisha sehemu hizo kwa kigezo kimoja kilicho juu ya vingine vyote. Alama ya maji iliyo juu ya maji inathibitisha jambo moja tu: maji na mwamba vimeachana. Nani kaondoka, haisemi. Huenda maji yameshuka, huenda ardhi imepanda, huenda vyote viwili vimetokea kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo mahali pazuri pa kupeleka darasa ni pale ambapo mwanafunzi anaweza kumkamata aliyehama kwa kupima mwenyewe. Uzuri wa mandhari tuuweke kando kwa muda.

Niseme mapema ili asije mtu akalalamika baadaye: katika sehemu hizi hakuna hata moja itakayokuonyesha ufuko uliorushwa juu na tetemeko kama wa Chile. Sababu yake ni nzuri kuliko safari yenyewe, na inabidi ifundishwe kabla basi halijawashwa.

Pwani hupandaje?

Nchi ambazo pwani zake huruka juu ghafla ni zile zilizokaa mahali ambapo bamba la chini ya bahari (mabamba ni vipande vikubwa vya gamba la dunia) linajipenyeza chini ya bamba la nchi kavu: Chile, Japani, Alaska, Sumatra. Mabamba hayo hayatelezi kiulaini. Yanakwama, miaka mia au zaidi, na wakati wote huo ukingo wa bamba la juu unaburutwa kwenda chini. Siku ya kuachia, ukingo unafyatuka kurudi juu, kama rula ya plastiki iliyokuwa imekandamizwa ukingoni mwa dawati. Kilichokuwa chini ya maji kinajikuta juani.

Mfano ambao mimi ningeanza nao darasani ni wa Kisiwa cha Santa María, Chile. Tarehe 20 Februari 1835 tetemeko kubwa liliubomoa mji wa Concepción. Nahodha Robert FitzRoy wa meli ya Beagle, ile aliyokuwamo Charles Darwin, alikwenda kisiwani akapima. Ncha ya kusini ilikuwa imepanda futi 8, katikati futi 9, na ncha ya kaskazini zaidi ya futi 10, yaani kutoka mita 2.4 hadi zaidi ya 3. Alipimaje? Kome waliokuwa wameganda kwenye miamba walibaki palepale walipokuwa wakiishi, wamekufa, wananuka, juu kabisa ya mstari wa maji makuu.

Vipimo hivyo vitatu vya FitzRoy vina thamani kubwa kwa mwalimu, na sababu ni mbili. Kwanza, viumbe walikufa wote kwa pamoja wakiwa mahali pao. Bahari ikishuka polepole, kome wa kizazi kipya huganda chini zaidi na wa juu hupungua taratibu. Haiachi ukanda mzima wa maiti. Pili, kisiwa hakikupanda sawasawa. Kusini pungufu, kaskazini zaidi. Maji hayana tabia hiyo: yakishuka futi 8 upande huu, yameshuka futi 8 na upande ule. Ardhi ndiyo inayoinuka kwa mshazari.

Hapo ndipo kipimo chetu kilipo. Mstari ulioachwa na maji yaliyoshuka hulala sambamba na uso wa maji wa leo. Mstari ulioinuliwa na tetemeko hupanda au kushuka kadiri unavyoufuata ufukweni kilomita kwa kilomita. Krete ya magharibi, kule Ugiriki, ina mstari wa namna hiyo: bahari ya kale iliitafuna miamba ya chokaa ikaacha mbonyeo, na tetemeko la mwaka 365 likaunyanyua mbonyeo huo hadi mita 9 upande wa kusini-magharibi, kisha kimo kinapungua kadiri unavyokwenda mashariki. Ukiangalia sehemu moja tu utadhani bahari ilikuwa juu. Ukiufuata mwendo mrefu, unaujua ukweli.

Mifano mingine ipo tele na si lazima yote. Yakutat Bay, Alaska, Septemba 1899: zaidi ya mita 14, kipimo ambacho wanafunzi hukikataa mpaka waandikiwe ubaoni. Kaikōura, New Zealand, Novemba 2016: ukanda wa pwani wa kilomita 110 hivi ukapanda, mwani na konokono wa bahari wakabaki juani. Rasi ya Noto, Japani, 1 Januari 2024: mpaka mita 4, na bandari kadhaa za wavuvi zikabaki kavu, kuta za gati zimesimama juu ya changarawe. Hii ya Noto inafaa sana kwa sababu watoto walikuwa hai ilipotokea, na picha za satelaiti za kabla na baada zinapatikana bure. Ukiwa na kompyuta moja na projekta umemaliza kazi.

Na hicho kisiwa cha Santa María? Baada ya 1835 kilianza kuzama tena polepole, mwaka hata mwaka, bamba likiburutwa upya. Tarehe 27 Februari 2010, tetemeko la ukubwa wa 8.8, kikapanda tena karibu mita 2.

Sasa turudi nyumbani.

Matema

Kutoka Mbeya unashuka Tukuyu, unaacha migomba na chai ya Rungwe nyuma yako, joto linaongezeka, unapita Ipinda kwenye mashamba ya mpunga, na ghafla barabara inaishia kwenye mchanga. Kushoto kwako Milima ya Livingstone inatumbukia ziwani bila hata kujitengenezea kilima cha kupumzikia. Uso wa ziwa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika karibu mita 700. Maana yake sakafu ya Ziwa Nyasa sehemu zake za kina iko chini ya usawa wa Bahari ya Hindi. Hilo peke yake linatosha kipindi kizima.

Ukuta huo wa milima ni ufa. Bonde la Ufa huvutwa pande mbili, na linapovutika, kipande cha katikati hudidimia huku bega la pembeni likinyanyuka. Ila vipimo haviko sawa: kwa kawaida upande unaodidimia hushuka zaidi kuliko upande wa pili unavyopanda. Na ufuko wa Matema, pamoja na bonde lote la Kyela, umekaa upande unaodidimia. Umeona tofauti na Chile? Kule mabamba yanasukumana, tetemeko linapandisha pwani. Huku ardhi inavutwa, tetemeko kubwa kwenye ufa wa Livingstone lingetarajiwa kuushusha ufuko wa Kyela, ziwa liingie shambani. Mwanafunzi akilielewa hilo mbele ya mlima wenyewe, hatalisahau. (Na ule mchele wa Kyela tunaojivunia tukienda Dar una mkono wake humo: bonde linadidimia, Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zinaleta udongo kutoka milimani na kulijaza, bonde linabaki tambarare na tifutifu.)

Kwamba ardhi ya huku bado inatembea si hadithi ya kale. Desemba 2009 Karonga, ng'ambo tu ya mto Songwe upande wa Malawi, ilitikiswa mfululizo kwa wiki kadhaa. Kubwa lao lilikuwa la ukubwa wa 6.0 hivi, nyumba zikaanguka, watu wakafa, na ardhi ikapasuka mstari wa kilomita kadhaa. Kyela wapo wazazi wanaoukumbuka vizuri mwezi ule. Mmoja wao akizungumza na wanafunzi dakika ishirini, atawaachia kitu ambacho mimi na wewe hatuna.

Alama zenyewe ziko wapi? Ufuko wa mchanga hautakusaidia. Mchanga hautunzi kumbukumbu. Fuata ukingo kuelekea mashariki, njia ya Ikombe kwa Wakisi wafinyanzi, mpaka milima inapogusa maji na mawe makubwa yanaanza. Kwenye mawe hayo tazama rangi. Sehemu ya juu ni nyeusi nyeusi, ina kuvu na vijani vikavu. Chini yake kuna ukanda uliopauka, sehemu nyingine mweupe kabisa, unaoanza ghafla kana kwamba mtu kachora kwa brashi. Ukipitisha kidole unahisi utando mkavu, mwembamba, wa kukwaruza. Chini zaidi, karibu na maji, jiwe linateleza kwa ukijani.

Ukanda huo uliopauka ulikuwa majini. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kila mwaka, kwa kawaida likiwa juu kabisa mvua zikiisha, mwezi wa Mei hivi, na chini kabisa Novemba au Desemba. Juu ya mwendo huo wa kila mwaka kuna mwendo mrefu zaidi. Mwaka 1915 ziwa lilikuwa chini kiasi kwamba mto Shire, unaotoka kusini mwake, uliacha kutiririka kwa miaka mingi. Kufikia 1980 uso wa ziwa ulikuwa umepanda kwa takriban mita 6 kutoka pale. Mita 6 bila tetemeko lolote! Mvua na mto tu. Mtu asiyejua historia hiyo, akiona mstari mweupe juu ya kichwa chake, atakuapia kwamba mlima umepanda.

Zoezi, basi. Wagawe wanafunzi katika makundi, kila kundi lipewe tepu ya fundi, daftari, na mpira mwangavu wa levo, ule ambao mafundi ujenzi hujaza maji kusawazisha msingi. Waende asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, ziwa likiwa limelala. Uso wa ziwa lililotulia ndiyo levo kubwa kuliko zote, haina gharama na haidanganyi. Kundi la kwanza lipime kimo kutoka usoni mwa maji hadi ukingo wa juu wa ukanda mweupe karibu na Matema. La pili lisogee mbele. La tatu liende kwa mtumbwi mpaka Ikombe. Penye jiwe lililo mbali kidogo na maji, mpira wa levo unahamisha usawa wa ziwa mpaka kwenye jiwe. Kisha wachore grafu: umbali ufukweni kwa kimo cha mstari.

Grafu ikilala, maji ndiyo yaliyohama. Ikipanda upande mmoja kwa mfululizo, ardhi imeinama. Matema utarajie ilale, na hakuna ubaya. Mwanafunzi aliyepata jibu "si tetemeko" kwa kupima amejifunza zaidi ya aliyeambiwa "ni tetemeko" na mwalimu wake.

Tahadhari moja ambayo bila kuijua mtabishana bure. Jiwe lililo wazi kwa mawimbi ya kusini hulowana juu zaidi kuliko lililojificha kwenye kighuba, kwa hiyo mstari wake utakuwa juu hata kama ziwa ni lilelile. Linganisha mawe yaliyo wazi kwa yaliyo wazi, ya kighubani kwa ya kighubani. Ukichanganya, grafu yako itapanda na kushuka kama barabara ya Makete na hutajua ulipokosea.

Rukwa

Rukwa ni kwa darasa lililoiva. Alama za Matema ni za mita chache na miaka michache. Za Rukwa ni za makumi ya mita na maelfu ya miaka. Ziwa la leo ni la kina kifupi, mita chache tu, halina mto unaotoka, linapanuka na kusinyaa kadiri mvua inavyotaka. Lakini pembezoni mwa bonde kuna ngazi za fukwe za kale, kokoto zilizoviringwa na maji, zilizo zaidi ya mita 150 juu ya uso wa ziwa la sasa. Kama miaka elfu kumi iliyopita, enzi Afrika ilipokuwa na mvua nyingi mno kiasi kwamba hata Sahara ilikuwa na maziwa, Rukwa lilijaa mpaka likamwagikia Ziwa Tanganyika kupitia pengo la Karema.

Hapo mkosaji mkuu ni maji tena. Ila Rukwa ina jambo ambalo Matema haina: tarehe 13 Desemba 1910 eneo hilo lilipigwa na tetemeko la takriban 7.4, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne ya 20. Juu ya uwanda wa Ufipa, karibu na Sumbawanga, kuna ukingo wa Kanda, tuta refu lililonyooka linalokata nchi kilomita nyingi. Ni ufa ambao upande mmoja umeshuka, na baadhi ya watafiti wameuhusisha na tetemeko hilo la 1910. Kwa hiyo katika mkoa mmoja una fukwe za kale zilizoachwa na maji na una kovu la ufa. Swali la darasa linakuwa gumu na tamu: ngazi hizi za fukwe, je, baada ya maji kuziacha, ardhi nayo imezipindisha?

Kulijibu kunahitaji vifaa. Macho hayawezi kuona mshazari wa mita mbili tatu kwenye mwendo wa kilomita thelathini. Uso wa ziwa hautakusaidia pia, uko mbali na chini sana. Unahitaji ramani za kontua, kifaa kizuri cha kupima mwinuko (simu ya kawaida hukosea mita kadhaa, na kosa hilo ni kubwa kuliko unachokitafuta), na mtu anayejua kutofautisha kokoto za ufukweni na za mtoni. Kwa kidato cha pili ni kuwatesa. Kwa kidato cha sita wenye mwalimu mwenye moyo, au wanachuo, ni hazina.

Njia nayo ni habari nyingine. Kutoka Mbeya ukitaka upande wa kusini wa ziwa unashukia Mkwajuni na Galula, vumbi na joto. Kiangazi ndiyo saa yake, masika usijaribu na basi la shule. Ufukweni kuna mamba, na matope ya ukingo yanameza kiatu, kwa hiyo wazo la watoto kupima pembezoni mwa maji lifute kabisa. Lakini kwa shule za Sumbawanga na jirani zake hesabu inageuka: ukingo wa Kanda uko mlangoni kwao. Wao kwenda Matema ni kuruka chakula kilichoandaliwa nyumbani.

Pwani

Kila mwaka lazima atokee mwalimu wa kusema "tuwapeleke Dar wakaone bahari". Namwelewa. Wako vijana wa Kitulo na Ludewa wanaomaliza kidato cha sita hawajaona bahari, na kuiona ni elimu hata kama hakuna kilichopimwa. Ila kwa mada hii pwani ni mwalimu mjanja, na asipoandaliwa anadanganya.

Miamba ya pwani yetu, kuanzia kule Oyster Bay na visiwa vya Mbudya na Bongoyo hadi Kilwa, sehemu kubwa ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Maji yakipwa, shuka usimame chini ya ukingo wake. Kiunoni au kifuani kwako mwamba umelika kwenda ndani, juu yake umetokeza kama paa la kibaraza. Uso wa ule mbonyeo una ncha kali za kuchana nguo, na kwenye vishimo wamejibana konokono na chaza wadogo. Wengine miongoni mwao ndio watafunaji wenyewe: wanakwangua mwani kwenye jiwe, na jiwe linakwenda nao. Mawimbi na chumvi vinasaidia. Kwa mwaka wanaweza kula milimita moja hivi, kwa hiyo mbonyeo wa mita moja si kazi ya jana.

Sasa mtego. Mwanafunzi aliyesoma habari za Krete atatazama mwamba huu wa matumbawe, ulio mita kadhaa juu ya bahari, na kusema: tumbawe huishi majini, hili liko juu, tetemeko limelipandisha. Hoja imenyooka, ila haitoshi. Miaka 125,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na joto kuliko kabla ya enzi za viwanda na barafu ya ncha za dunia imepungua, bahari duniani kote ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya leo. Matumbawe ya kimo hicho yanaweza kuelezwa na bahari peke yake. Huhitaji kumwita tetemeko shahidi. Nayo matetemeko hayakosekani: 12 Agosti 2020 lilipiga la 6.0 baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, watu wakatoka maghorofani mbio, na pwani ikabaki palepale ilipokuwa.

Linganisha na kisiwa cha Nias, Sumatra, Machi 2005. Tetemeko la 8.6 liliyanyanyua matumbawe hai karibu mita 3, yakafa yote palepale, meupe, vichwa vyake vimekatwa sawasawa kwa kimo cha maji ya zamani. Tumbawe la Nias lilikufa ghafla, lote kwa pamoja. La kwetu ni jiwe la kale lililoachwa na bahari yenyewe. Ukiweka picha ya Nias mkononi mwa mwanafunzi aliyesimama Oyster Bay, pwani inaanza kufundisha. Bila picha hiyo, atarudi Mbeya na kosa lililonenepa.

Ukienda, angalia kalenda ya maji kuliko kalenda ya shule. Siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu, maji hupwa mbali na kujaa sana, tofauti ya mita 3 au zaidi. Hapo mbonyeo wote unaonekana. Ukifika maji mafu utaona nusu yake na kulowa bure. Na uso wa bahari hauwezi kuwa levo yako kama wa ziwa, maana unahama huku unapima. Itabidi makundi yote yapime kwa dakika zilezile, au mtumie ukingo wa juu wa chaza hai kama alama ya kuanzia. Hiyo ya chaza ndiyo bora, na ni ndugu wa njia aliyoitumia FitzRoy kwa kome wake.

Isimila, kwa wenzetu wa Iringa

Kuna wanaouliza kama Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, inaweza kuwa mbadala wa bei nafuu. Kwa mada hii, hapana. Nguzo zile nzuri ni kazi ya maji ya mvua kuchonga udongo laini, na zana za mawe ni somo la historia. Ila tabaka zake zilizolala moja juu ya nyingine ukutani ni mazoezi mazuri ya jicho: mwanafunzi ajifunze kufuata mstari mmoja wa tabaka kwa mbali na kusema kama umelala au umeinama, kabla hajaenda kuufuata mstari mgumu zaidi ziwani. Njia ya kwenda Mbeya inapita karibu nayo, simameni saa moja.

Ipi, basi?

Kwa shule nyingi za Mbeya, Songwe, Njombe na hata Iringa, mimi ningechagua Matema bila kusita. Ndiyo pekee ambapo mwanafunzi wa kawaida mwenye tepu anaweza kulijibu swali kwa mkono wake, na ufa wenyewe unamtazama usoni. Sumbawanga na jirani wabaki kwao na ukingo wa Kanda, wakiongeza fukwe za kale za Rukwa kama wana kidato cha sita. Pwani iwe kwa shule ambayo tayari ina sababu nyingine ya kwenda, mashindano au ziara ya chuo; safari ya kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya kwa ajili ya mbonyeo peke yake siwezi kuitetea mbele ya kikao cha wazazi. Iringa wako katikati, na wao wana haki ya kubisha: Dar ni kama kilomita 500 kwao, Matema nayo si jirani. Wakiniuliza, nitawaambia Matema kwa kupima na pwani kwa kutazama, na kama wamezoea kupima darasani, waende pwani.

Popote mtakapokwenda, vipindi viwili vya Chile, Noto na Nias vitangulie darasani. Wakifika kwenye jiwe hawajamwona kome aliyekufa mahali pake, hawatajua wanakosa nini pale mbele yao.

Kwa Matema, pangeni mlale Ijumaa. Vipimo vya asubuhi ya Jumamosi viishe kabla ya saa nne upepo haujaanza kuchafua ziwa, makundi yaliyokwenda Ikombe yarudi na mtumbwi wa mapema, na Jumamosi ni siku ya soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo. Wazazi watauliza watoto wameleta nini. Chungu kinajibu haraka kuliko grafu. Jaketi za kuokolea ziwe na hesabu sawa na vichwa, mpira wa levo usipungue mita kumi, na maji ya kuujaza yawe na rangi kidogo, wino wa kalamu unatosha, kwa sababu maji meupe ndani ya mpira mweupe kwenye jua la Kyela hayaonekani.